Kufuli kwenye Sanduku la Betri

Kwanza niseme wazi, asije mtu akadai nimemsengenya: mjomba wangu simpendi, na yeye hanipendi, na Kitangari nzima inajua. Mama yangu, dada yake, alipokuwa hai alikuwa akitukalisha pembe mbili za ukumbi, mmoja huku na mwingine kule, ili chakula kiliwe kwa amani. Lakini sisi ni watu wa upande wa mama. Baba anazaa, mjomba anaamua. Mjomba ndiye nang'olo wa nyumba yetu, mzee wa kuulizwa kila jambo, na kwa sababu hiyo guta la umeme, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, alilokuwa akiliendesha dada yangu, liliitwa guta la mjomba, ingawa mjomba mwenyewe hakujua hata breki yake iko upande gani.

Alilinunua baada ya msimu mmoja mzuri wa korosho. Nusu ilikuwa sifa, nusu ilikuwa huruma, kwa maana dada alikuwa ameachika na watoto watatu na alikuwa bado anabeba maji kichwani kutoka chemchemi ya bondeni. Kule juu uwandani bomba likikata, limekata. Unaweza kukaa wiki mbili unaliangalia tu. Guta lilipokuja, dada akaanza kushuka nalo bondeni kila asubuhi, anajaza mapipa matatu, anapanda nayo mlima, na kina mama wanamsubiri kwenye njia panda na madumu yao. Watoto wake walirudi shule. Mwenyewe alinenepa shingo. Sijui niseme nini zaidi kuhusu maana ya lile guta kwake. Mwaka ule ndipo nilipomsikia akiimba jikoni kwa mara ya kwanza tangu tukiwa wasichana.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Masasi mjini. Kazi nilijifunza Ndanda, kwenye karakana ya misheni, msichana peke yangu kati ya wavulana waliodhani nimekuja kufagia. Nilitoka pale na mikono inayojua kazi na mdomo usiojua kufungwa. Mjomba hakupenda hata kimoja. Aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba mwanamke anayelala chini ya gari atazaa watoto wenye masizi. Nilimjibu kwamba afadhali masizi kuliko uvivu, na tangu siku hiyo shikamoo yangu kwake ikawa ya kulazimishwa, na marahaba yake ikawa ya kukohoa.

Guta halikumaliza hata mwaka kabla halijaanza kulegea. Dada alinipigia simu akasema likifika nusu ya mlima linapoteza nguvu, na waya unaotoka kwenye betri unapata moto hata huwezi kuushika. Nikapanda gari nikaenda.

Nilipofungua sanduku la betri chini ya kiti nilibaki mdomo wazi. Betri zilikuwa nne, zimefungwa mstari mmoja. Betri za namna hiyo ni kama watu wanne waliobeba jeneza: ukimchosha mmoja, wote wanayumba. Sasa kwenye betri ya kwanza, hiyo moja peke yake, mtu alikuwa ameunganisha nyaya mbili nyembamba zikapita kwenye tundu la sanduku hadi barazani kwa mjomba. Huko zililisha redio yenye spika mbili na kibao cha kuchajia simu za jirani. Kila jioni guta likirudi limechoka, mjomba alikuwa anainyonya betri moja kusikiliza mpira.

"Mjomba," nilimwambia, "hizi nyaya ndizo zinaua guta."

"Umeme ni umeme," akasema. "Zipo betri nne. Mimi nachukua kwenye moja tu. Tatu nimemwachia dada yako."

"Haziendi hivyo."

"Guta la nani?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Nilizikata zile nyaya mbele yake kwa koleo. Nilipofika Masasi dada akanipigia kuniambia kwamba mjomba amekwisha kuzirudisha, na safari hii kazifunga kwa utepe mweusi, kwa ustadi.

Lakini nyaya za mjomba hazikuwa tatizo lote, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Guta lile lilitengenezwa kwa ajili ya mji wa tambarare. Kazi ya kupanda mlima inaweza kufanywa kwa msukumo mdogo wa umeme na mkondo mkubwa, au kwa msukumo mkubwa na mkondo mdogo. Kinachochemsha waya ni mkondo. Volti zake, yaani huo msukumo, zilikuwa arobaini na nane, kwa hiyo kila siku kwenye ule mlima, na maji mapipa matatu mgongoni, nyaya zilikuwa zinapitisha mkondo mkubwa kuliko uwezo wake. Fundi mmoja wa Newala alishauri waya mnene zaidi. Mimi nikasema hapana, tubadilishe njia nzima ya kupeleka umeme. Betri sita badala ya nne, volti sabini na mbili. Kibao cha mota kilionyesha kwamba inastahimili. Kontrola mpya, ile inayoipimia mota umeme wake. Na kwa ajili ya taa na honi, kifaa kidogo cha kuushusha umeme, kinachochota kwenye betri zote sita kwa pamoja, ili betri moja isionewe tena na mtu yeyote, awe na redio au asiwe nayo.

Mjomba alikataa. Alisema volti sabini na mbili zitamuua mpwa wake. Nilimuuliza tangu lini amekuwa na uchungu na mpwa wake. Dada alikuwa anachambua ming'oko, viazi vyetu vya porini, pale pale, kati yetu. Hakunyanyua kichwa.

"Fanya," akaniambia baadaye, nyuma ya nyumba. "Ila fanya polepole."

Polepole sikujua. Nilikuja na vifaa vyangu katikati ya msimu wa kupulizia mikorosho, wakati ule ambapo ugonjwa wa ubwiri unga unatishia maua na kila shamba lina mashine inayonguruma na wingu la salfa linaelea juu ya miti. Msimu ule uwanda mzima unakuwa na unga wa njano: kwenye majani, kwenye nguo, kwenye pua za watoto. Nikafungua sanduku la betri. Ndani, juu ya betri, kulikuwa na mfuko wa salfa, umefunguliwa nusu na kukunjwa kwa kipande cha kamba.

Sikuhitaji kuuliza. Sanduku lile lilikuwa mahali pekee pakavu pale nyumbani, paa la mjomba likiwa kama lilivyo. Watu wa kwetu salfa wanaitunza kuliko unga wa ugali. Ikipata unyevu inaganda, na korosho ndiyo riziki ya mwaka mzima. Kwa akili yake alikuwa ameweka kitu cha thamani mahali salama.

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakaziba. Niliuvuta ule mfuko kwa nguvu, ukakwama kwenye kona ya betri, ukapasuka. Unga ukamwagika humo ndani, kwenye vichwa vya betri, kwenye nyaya, kila mahali. Nikautupa uwanjani uliobaki. Mjomba akatoka mbio barazani.

"Salfa yangu! Mwanamke huyu ana wazimu?"

"Wazimu ni kuweka salfa juu ya shaba! Inaila shaba! Inawaka!"

"Mbona haijawaka?"

"Ngoja!"

Tulikwenda hivyo kwa saa nzima, mimi nikiwa nafunga betri na yeye akiwa amesimama juu ya kichwa changu. Tulirudi hadi kwenye mambo ya msiba wa mama. Tulirudi hadi kwenye masizi. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi yenyewe na mdomo wangu unafanya yake. Dada alikuja akasimama pembeni na kitambaa kikavu mkononi. Akasema, "Mdogo wangu, ngoja kwanza niufute huu unga." Nikamwambia aniondokee, nitafuta mwenyewe. Kisha mjomba akasema neno moja kuhusu ndoa yangu ambalo silirudii hapa, na mimi nikamgeukia, na nilipokuja kuligeukia tena sanduku nilikwisha kusahau kitambaa kilikuwa cha nini.

Nililifunika. Nililiziba ukingoni kwa mpira wa tairi ili asipate tena pa kupitishia nyaya. Swichi kuu, ile ya kukata umeme wote, niliifunga humo humo ndani, kwa sababu niliogopa mjomba akiiona nje ataunganisha redio hapo. Nikatia kufuli. Ufunguo nikauweka mfukoni, nikaondoka nao Masasi.

Nilijisifu. Nakiri. Niliwasimulia wenzangu gereji jinsi nilivyomkomesha mzee, na tulicheka sana.

Na guta lilipanda! Dada alinipigia kesho yake akiwa juu ya mlima, hana pumzi kwa furaha, akasema limepanda bila kusimama, waya uko baridi, mapipa matatu yamejaa. Miezi iliyofuata alikuwa anaenda safari nne kwa siku, pale zamani alipokuwa anaenda mbili. Mjomba akanunua redio ya betri ndogo. Niliamini nimeshinda.

Ilikuwa karibu na kuanza kuokota korosho, kiangazi kikali, bomba limekata wiki ya tatu. Dada alikuwa nusu ya mlima na mapipa yamejaa aliposikia harufu ya kiberiti. Alinisimulia mwenyewe, baadaye, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. Alisimama, akaegesha jiwe nyuma ya tairi, akazima ufunguo wa kuwashia. Moshi ukaendelea. Ule unga kwa miezi yote ile ulikuwa unaila shaba kidogo kidogo, vichwa vya betri vikawa vyeusi, na penye weusi umeme unapita kwa shida na penye shida panachemka. Ngozi ya waya ikayeyuka, nyaya mbili zikagusana kabla hata ya kufika kwenye ufunguo. Kuzima ufunguo hakukuwa na maana yoyote. Kilichotakiwa ni swichi kuu.

Swichi kuu ilikuwa ndani. Kufuli lilikuwa nje.

Alichota maji kwenye pipa akamwagia. Maji yakateleza juu ya ule mpira wangu wa tairi yakaenda zake. Alichukua jiwe akapiga kufuli. Nilikuwa nimenunua kufuli zuri. Halikufunguka, ila bawaba ya upande wa pili ililegea, akaingiza vidole chini ya mfuniko akauvuta. Salfa ikishika moto haitoi mwale mwekundu wa kukuonya. Inatoa mwale wa buluu, mdogo, mchana hauonekani vizuri, na moshi wake unakaba koo. Aliingiza mikono yote miwili kutafuta swichi. Aliipata. Aliizima. Vijana wawili wa kijiji cha Mkunya waliokuwa wanashuka na baiskeli ndio waliomkuta amekaa chini kando ya guta, ameweka mikono ndani ya pipa la maji, anakohoa.

Nilimuuliza kwa nini hakukimbia. Akaniambia, "Ningekimbilia nini?"

Walimpeleka Newala, na kesho yake akaletwa hospitali ya Ndanda kwa ajili ya mikono. Nilifika asubuhi. Mjomba alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi karibu na kitanda, kofia yake magotini. Mikono ya dada ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe hadi juu ya vifundo vya mikono, imelazwa juu ya mito miwili. Nilitaka kulia. Badala yake nikamwangalia mjomba.

"Umeona kazi ya salfa yako?"

Akainuka. "Salfa yangu ilikaa mle ndani bila kuwaka. Ni nani aliyeimwaga?"

"Ni nani aliyeiweka?"

"Na kufuli? Kufuli la nani lile? Mtoto wa watu anaungua nje ya kufuli la fundi!"

"Nilifunga kwa sababu yako!"

Muuguzi alikuja akatuambia wodi ile ina wagonjwa wengine. Hatukumsikia. Wagonjwa wengine walikuwa wamekwisha kuamka, na wanaowauguza wamesimama mlangoni wanatazama. Mjomba alikuwa ananinyooshea kidole na mimi nakisogelea kile kidole, watu wazima sisi, mmoja ana mvi na mwingine anazitafuta.

"Mimi sijafa," dada akasema.

Hakupaza sauti, koo lilikuwa bado limeungua. Mjomba akashusha kile kidole.

"Mkitaka kugawana lawama kama urithi, subirini nife kwanza." Akapumzika. Kisha akanigeukia. "Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Masasi."

"Wapi Masasi?"

"Gereji. Kwenye kopo la skrubu."

Alifumba macho. Nikaanza kumwambia kwamba lile kosa la unga ni langu, kwamba niliuona nikasahau kuufuta, kwamba mjomba aliponitukana... Akanikatiza.

"Najua. Nilikuwa nimesimama pale na kitambaa."

Nimewahi kutukanwa na madereva wa malori, na mume niliyeachana naye, na huyo mjomba mwenyewe kwa miaka ishirini. Hakuna tusi lililonishusha kama sentensi ile. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje. Nilipotazama pembeni, mjomba naye alikuwa ametoka, amekaa mwisho wa ngazi zile zile, amenipa mgongo. Kati yetu kulikuwa na mwanamke anayemenya chungwa. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akahamisha chungwa lake.

Dada alikaa hospitali muda mrefu. Mkono wa kushoto ulirudi karibu wote. Wa kulia vidole vitatu vya katikati vilikaa vimenyooka, havikunjiki. Kidole gumba na cha mwisho vinafanya kazi. Wakati huo watoto wa dada walikuwa wanabeba maji kichwani kabla ya shule, na yule mkubwa akaanza kuchelewa kila siku. Niliagiza nyaya mpya na betri mbili mpya badala ya zilizoharibika. Sikuthubutu kwenda kabla hajaniita.

Aliniita. Nilipofika nikamkuta ameketi uwanjani, na mjomba amesimama karibu na guta. Alikuwa ametuita wote wawili.

"Litengenezeni," akasema. "Wewe unafunga, yeye anashika taa na futi ya kupimia. Sitaki kufuli. Swichi ya kukatia iwe nje, hapa, karibu na goti langu. Mkishamaliza mnifundishe kila waya unakwenda wapi. Na wa kwanza kupandisha sauti, wote wawili mtoke kwenye uwanja wangu."

"Uwanja wa..." mjomba akaanza.

Dada akamwangalia. Mjomba akachukua futi.

Tulifanya kazi siku mbili bila maneno zaidi ya "shika" na "sogeza". Nilisafisha kila kichwa cha betri mpaka shaba ikang'aa, nikakipaka grisi. Kila betri nikaifungia kikata umeme chake, ili moja ikileta shida isiwaburuze wenzake. Mjomba alikuwa anapuliza vumbi kwenye pembe za sanduku kwa mdomo, amepiga magoti, na alipomaliza alipitisha kidole kuhakikisha.   Lakini simpendi zaidi kwa sababu ya kile kidole.

Kilichobaki kilikuwa mpini wa kuongezea mwendo. Ule wa zamani unazungushwa kwa kiganja kizima, na kiganja hicho dada hakuwa nacho tena. Nilileta wa kusukuma kwa kidole gumba. Ili niufunge mahali sahihi ilibidi niupime mkono wake. Akaunyoosha. Nilikuwa sijaushika tangu aungue. Ngozi ilikuwa imevutika, laini mno, ya rangi mbili. Mjomba akaweka futi kutoka kwenye gumba hadi kwenye mpini. Mikono yetu sisi watatu ilikuwa mahali pamoja, juu ya futi ile moja.

"Pimeni vizuri," dada akasema. "Huu ndio uliobaki."

Asubuhi iliyofuata akapakia mapipa matupu. Nikasema nitakwenda naye safari ya kwanza. Mjomba naye akasema atakwenda. Alitukatalia wote, akaondoka peke yake.

Guta la petroli likipanda mlima unalisikia tangu bondeni. Unajua limefika kona ipi, unajua likichoka. La umeme halisemi kitu. Tulikaa kwenye ukingo wa uwanja, mimi upande huu na mjomba upande ule, tunatazama barabara isiyo na sauti. Saa moja ikapita. Nilinusa hewa mara nyingi. Nilimwona naye ananusa.

Kisha likatokea njia panda, mapipa yamejaa, kina mama na madumu wanalifuata nyuma. Dada aliingia uwanjani taratibu akasimama. Hakututazama. Kabla ya kufanya lolote alitaka kukata umeme. Ile swichi nilikuwa nimeichagua mwenyewe Masasi, nyekundu, nzuri, ya kuzungusha. Nikaipima mara tatu iwe pale mkono unapofika. Vidole vyake vya mkono wa kulia vikaigusa, vikateleza. Akajaribu tena, vikateleza. Akainama, akaisukuma kwa kiwiko mpaka ikazima.

"Teremsheni maji," akasema.